Pipa Lililofunguliwa Ijumaa

Mtaa mzima ulimwita Bibi Pipa, naye akaitika. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa kwenye kitambulisho, kitambulisho kilikuwa ndani ya kopo la biskuti, kopo lilikuwa juu ya kabati, na haikutokea siku akalihitaji. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono ya kufungua kifuniko chochote kilichowashinda wengine. Tabia yake moja ilijulikana tangu kwa kinyozi wa mlango wa pili hadi kwa muuza misumari kule kona: akishasema, amesema. Ikitokea baadaye kwamba alikosea, basi jambo lenyewe lijisogeze, yeye haondoki alipo.

Pombe aliijua nje ndani. Alikuwa ameipika miaka thelathini na minne, ya kimea, na hakuwahi kuiuza hata glasi moja. Ilikuwa ya nyumbani, ya mgeni akija, ya jirani aliyeanguka na baiskeli, ya fundi aliyemaliza kuziba paa. Alichemsha kimea kwenye sufuria kubwa, akatia majani machungu makavu, akaacha ikapoa, akatia hamira, akaifunika. Baada ya wiki tatu aliihamishia kwenye pipa la chuma lililokaa chumba cha nyuma, juu ya kigoda, kwenye sakafu ya saruji isiyopigwa na jua.

Pipa hilo lilikuwa kazi ya marehemu mumewe, fundi baiskeli. Yeye ndiye aliyelitia koki chini, na yeye ndiye aliyetoboa kifuniko akachomelea valvu ya baiskeli juu yake. Ukitaka kinywaji unachomeka pampu, unapiga mara tatu nne, upepo unasukuma, na chini pombe inatoka na povu lake, nzito, nyeupe, linapanda hadi mdomoni mwa glasi na kusimama. Kando ya valvu fundi alikuwa amegonga nukta tatu kwa msumari, alama aliyoiweka kwenye kila kitu alichotengeneza, ili kikiharibika mwenye nacho ajue pa kurudi. Watu walikuja kuliangalia pipa kabla hata ya kuonja kilichomo. Fundi alisimama kando akajifanya anatafuta spana, na mkewe ndiye aliyeeleza kila kitu, kana kwamba amechomelea yeye.

Sasa, ugomvi. Ugomvi huu ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na mtu wa upande wa pili alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwanamume aliyeitwa Gesi kwa sababu alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha soda, pale mitungi inapojazwa ile hewa inayoifanya soda iwashe puani.

Fundi baiskeli alikuwa anafunga karakana yake baada ya miaka mingi, magoti yamekataa, na mkewe akaandaa jioni ya kumshukuru. Pipa likafunguliwa mapema, kabla ya siku yenyewe. Kesho yake fundi akashikwa na homa, shughuli ikaahirishwa siku tisa. Binti yao, ambaye tayari alikuwa fundi cherehani mwenye mashine yake chumba cha mbele, alimwambia mama apike nyingine. Mama akasema ile ile inatosha, pipa ni la chuma, litaendaje kombo. Na ndani ya zile siku tisa kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alipewa glasi, na kila glasi ilipigiwa pampu.

Siku ilipofika, watu wakiwa wamejaa hadi kizingitini, Gesi alionja, akatazama ndani ya glasi, akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza karibu na mashine, "Dada, hii imechacha. Mnaisukuma kwa upepo wa nje, na upepo ndio unaoiua. Hilo dude la Shemeji ndilo tatizo."

Watu walicheka kidogo. Fundi naye alicheka. Bibi Pipa hakucheka. Alimwambia mdogo wake mbele ya wote kwamba aliyezoea maji ya sukari hawezi kujua pombe, na kama haitaki, mlango anaujua. Gesi aliweka glasi mezani, akachukua kofia yake, akaenda. Baada ya hapo walikutana mara moja tu, msibani, maana fundi alifariki mwaka huo huo kabla haujaisha. Walipeana mikono na pole. Salamu nyingine zote zilipitia kwa binti.

Kilichomkaa Bibi Pipa rohoni hakikuwa hicho, ingawa mtaa ulidhani ndicho. Wiki ile baada ya shughuli alimkuta mumewe chumba cha nyuma amepiga magoti yake mabovu, ameshika pampu, anaigeuza geuza. Fundi alimuuliza polepole, "Mama, kweli itakuwa ni upepo?" Naye akamjibu asimsikilize yule, pipa ni zima, kazi yake haina doa. Fundi akaitundika pampu kwenye msumari wake na hakuuliza tena. Mkewe alijua, hata alipokuwa anajibu, kwamba ile pombe ilikuwa chachu. Alikuwa ameionja asubuhi ya shughuli.

Basi ikafika mwaka huu. Binti aliingia jikoni na simu mkononi, futi ya kitambaa shingoni, akasema Mjomba anahama. Macho yamepungua, mwanawe wa kwanza anamchukua akaishi naye, nchi ya mbali, na hategemei kurudi. Angependa kuja kumuaga Dada. Jumamosi ijayo, kama Dada atakuwepo.

"Nitakwenda wapi?" alisema Bibi Pipa.

Kwa bahati pombe ilikuwa tayari, iko ndani ya pipa siku kumi, haijaguswa. Akajua papo hapo anachotaka. Alitaka Gesi akae kwenye kiti cha kamba, apewe glasi iliyotoka kwenye dude la Shemeji, anywe mpaka chini, kisha mdomo wake mwenyewe useme ni nzuri. Basi. Hakutaka kuombwa msamaha wala hakutaka maelezo. Alitaka maneno mawili matatu yakae mahali pa yale ya zamani, kabla mtu huyo hajapanda ndege.

Ijumaa mchana aliifungua ili aone kama imetulia. Alipiga pampu mara nne, akajaza glasi, akaiinua dirishani. Ilikuwa na rangi ya asali, safi, unaona vidole vyako ng'ambo. Alipoinywa alifumba macho. Alimwambia binti kwamba hajapika kama hii tangu baba yake aondoke, na binti akakubali, na ilikuwa kweli.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Karatasi za safari za Mjomba hazijakamilika, imebidi arudi ofisini. Atakuja Jumamosi nyingine, na Jumatatu yake anaondoka.

Bibi Pipa aliweka chini kitambaa alichokuwa anafutia glasi. Tangu Ijumaa hadi Jumamosi ya pili ni siku nane. Kupika upya ni wiki tatu na zaidi. Binti, kwa nia njema, akataja kreti ya bia za dukani, akatazamwa mpaka akarudi kwenye cherehani yake mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa mdomo wake, miaka yote, Bibi Pipa aliutangazia mtaa kwamba pipa likishafunguliwa lina siku kumi. Kinyozi alipomuuliza mbona kwake siku ya nne watu hukunja uso, alimwambia nyuso zao ndizo zimechacha. Lakini kwa moyo wake alijua: siku tatu ni nzuri, ya nne inaanza kunong'ona, ya sita ni ya kumpa mtu usiyetaka arudi.

Akaanza kulihudumia pipa kama mzazi aliyejifungua. Alilisogeza kwenye kona iliyo baridi zaidi, akalivika gunia lililoloweshwa, akalilowesha tena kila saa mbili. Alifunga mlango wa chumba, ufunguo akautia kifuani. Akachukua chaki ya binti, ile bapa ya kuchorea nguo, akachora mstari mmoja nyuma ya mlango kwa kila siku. Herufi hazikumpenda sana, lakini mistari anaiweza mtu yeyote.

Kinyozi alipita Jumapili kama kawaida yake, mabega yake yamejaa nywele za wateja, akauliza kama hakuna tone. Akaambiwa hakuna. Akasema ananusa. Akaambiwa anuse tu, kunusa hakumalizi.

"Bibi Pipa," alisema kinyozi, "umemlaza mgonjwa humo ndani?"

"Nimemlaza mkwe wako."

"Basi nipe glasi nimpelekee pole."

Alifukuzwa, akaondoka anacheka.

Hapo sasa ndipo kosa lilipoingia. Bibi Pipa hakumpa mtu yeyote pombe ile, lakini yeye mwenyewe aliionja kila siku, asubuhi na jioni, kijiko kimoja, ili ajue imefikia wapi. Na kijiko hakishuki kwenye koki chenyewe. Kilitaka pampu. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, wakati mwingine tatu, fyuu, fyuu, upepo wa chumba cha nyuma unaingia juu ya pombe na kukaa. Binti aliisikia sauti ile kupitia ukutani huku anapinda suruali.

"Mama," alisema siku ya tatu, "si uiache? Unaichokonoa."

"Nisipoionja nitajuaje kama ni nzima?"

"Na ukiionja itabaki nzima?"

Mama alimwambia ashone.

Siku ya nne ilinong'ona. Siku ya tano ilisema. Aliisikia kwenye pembe za ulimi, kitu kidogo chenye ncha, na harufu yake ilikuwa ya tufaha lililokaa sana kapuni. Akajiambia ni dawa ya meno. Akasukutua, akaenda tena, akapiga pampu, akaonja. Haikuwa dawa ya meno. Siku ya saba aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akalitazama pipa na gunia lake bichi, na zile nukta tatu kando ya valvu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alisikia swali la mumewe lilivyoulizwa: halikuwa swali la mtu aliyeumia. Lilikuwa swali la fundi, mtu anayetaka kujua tu hitilafu iko wapi aitengeneze.

Jumamosi Gesi alifika saa nne asubuhi. Bibi Pipa alimwona kupitia dirishani kabla hajabisha: amepungua, amevaa miwani minene, anatafuta ngazi kwa ncha ya kiatu. Begani ana mfuko wa turubai uliomwelemea upande mmoja. Binti alimpokea, Mjomba huyu, Mjomba yule, akamketisha kwenye kiti cha kamba. Kaka na dada wakasalimiana kwa kirefu, afya, magoti, macho, watoto, paa, mvua. Mfuko hakuutua mbali. Aliuweka kati ya miguu yake.

Bibi Pipa akaenda nyuma kujaza jagi. Sukari ilikuwa rafuni. Vijiko vitatu ndani ya jagi, ukoroge taratibu, mtu mwenye macho mabovu na ulimi wa miaka sitini na sita hatajua. Alishachota cha kwanza. Alikishika juu ya jagi muda ambao ungetosha kupinda mkono wa shati. Kisha akakirudisha koponi, akafunga kifuniko, akapeleka jagi kama lilivyo.

Gesi alipokea glasi kwa mikono miwili. Alikunywa. Alikunywa tena, kwa heshima, mpaka nusu, akaishusha kwenye goti.

"Nzuri, Dada," alisema.

Ndiyo yalikuwa hayo. Maneno aliyoyangoja miaka kumi na mmoja yalitoka yakakaa katikati ya chumba kama mgeni aliyekosea nyumba, na hakuna aliyejua ayapeleke wapi. Bibi Pipa alimtazama mdogo wake. Akaichukua ile glasi gotini pake, akanywa nusu iliyobaki, akaiweka mezani.

"Tangu utotoni hujui kudanganya," alisema. "Masikio yanakucheza. Imechacha."

Gesi aliitazama glasi tupu.

"Na ile siku nayo ilikuwa imechacha."

Chumba cha mbele cherehani ilisimama.

Gesi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Alisema siku ile hakupaswa kusema mbele za watu. Kiwandani walizoea kuambiana kasoro kwa sauti, na hilo lilimharibu. Dada akasema ni kweli hakupaswa, na ni kweli pia alichosema. Kisha akatoa lililobaki, kwa sababu alishaanza na hakuwa mtu wa kuishia njiani. Akamweleza jinsi fundi alivyopiga magoti na pampu mkononi, alivyouliza kama ni upepo, na yeye alivyomfunga mdomo.

"Aliniuliza mara moja tu," alisema. "Nikamnyamazisha. Akafa hajui."

Gesi akainama, akafungua mfuko. Akatoa mtungi mdogo wa chuma, urefu wake kutoka kiwiko hadi vidoleni, una saa yake ya kuonyesha nguvu ya gesi na mpira mweusi uliozungushwa. Mwisho wa mpira palikuwa na kiungo cha shaba, kidogo kuliko kidole gumba. Akamwekea dada yake kiganjani.

"Pitisha kidole hapo," alisema.

Bibi Pipa akapitisha. Akazisikia kabla hajaziona: nukta tatu.

Fundi alikwenda kiwandani, Gesi alimweleza, wiki mbili baada ya ile shughuli, na magoti yake yale yale. Alikuwa amechora valvu yake kwenye karatasi ya kufungia minyororo. Aliuliza badala ya upepo wa nje waweke nini, akaambiwa ile ile ya soda, haigombani na pombe, inaikalia juu kama mfuniko. Ukiipa kidogo kidogo na pipa ukaliweka penye baridi, hesabu wiki, usihesabu siku. Fundi akaenda, akarudi mwezi mmoja baadaye na hiki kiungo, amekichonga mwenyewe kwa tupa, akakiacha kifungwe kwenye mtungi. Akaomba dada asiambiwe. Alitaka kumfungia mwenyewe, siku atakayomwona amepoa.

"Hukupoa mapema," alisema Gesi.

"Sikupoa."

"Nikasema nikilete msibani. Nikaona utadhani nimekuja kukushinda mbele ya jeneza. Kila mwaka nikasema mwaka huu."

Bibi Pipa alikaa na kile kipande cha shaba mkononi mpaka kikapata joto. Alipoinuka alijifuta uso kwa khanga, upande mmoja, halafu wa pili, akasema basi, waende wakaone kama kinaingia, au marehemu alimpotezea mtu muda wake.

Kiliingia. Kilizunguka mara tatu kwenye valvu, kikakaza, hakikutoa hata pumzi. Walimwaga ile chachu yote isipokuwa chupa mbili alizoziweka Dada ziwe siki, wakajaza pipa maji, na siku ile na kesho yake Gesi alimfundisha: unafungulia mtungi nywele moja tu, unasubiri sindano iguse hapa, unafunga. Sindano ilipogusa, Gesi hakuiona kwa macho yake, kwa hiyo binti akachora mstari wa chaki kwenye kioo cha saa. Dada alifundishwa mara tano, akabisha mara nne. Jumatatu alimsindikiza hadi kwenye gari. Alimtilia mkate na mayai kwenye mfuko wa turubai, mahali ulipokuwa mtungi.

Mapema wiki hiyo alipika. Wiki tatu baadaye pombe ilikuwa pipani, na siku kumi baada ya hapo akaifungua na kuchora mstari wa kwanza nyuma ya mlango, baada ya kufuta ile ya zamani. Safari hii hakuionja asubuhi na jioni. Aliionja alipokuwa na mtu wa kunywa naye. Kinyozi alikunywa siku ya nne, akangojea uso wake ukunjike, haukukunjika. Alikunywa ya kumi na mbili, ya ishirini. Ya thelathini alikuja na swali.

"Umetia nini humu, Bibi?"

"Valvu ya marehemu. Nilikwambia miaka yote kwamba ni dude la maana."

"Na huo mtungi pembeni?"

"Unazuia mlango usijifunge."

Na ukimwuliza leo atakujibu hivyo hivyo.

Siku ya arobaini na moja, mchana, simu ya binti ililia, na ilikuwa ya mbali. Gesi hakuuliza habari ya mvua. Aliuliza ni ya ngapi.

"Arobaini na moja," alisema dada yake.

"Bado?"

Alimwambia angoje. Akaiweka simu juu ya kigoda, akafungua koki, akajaza glasi taratibu, karibu na simu, ili asikie inavyoshuka. Povu lilipanda likasimama. Akanywa, hakuharakisha, akanywa tena, na ng'ambo ya pili mtu alikuwa anasubiri.

"Bado," alisema.

Akaishika chaki, akachora mstari wake.